Shule ya kimataifa Cairo: anza na ramani

Chagua shule kwanza, nyumba baadaye. Shule nyingi za kimataifa ziko Maadi na New Cairo, mashariki ya Nile, na Sheikh Zayed na mji wa 6 Oktoba, magharibi yake. Ukipanga Maadi na shule ikawa Sheikh Zayed, mtoto atavuka mto kila siku, Jumapili hadi Alhamisi, kwenye foleni za barabara ya mzunguko. Usiulize umbali, uliza basi la shule hupita mtaani kwako saa ngapi, kwa sababu huzunguka kuchukua wengine, na wa kwanza kupanda hukaa ndani muda mrefu kuliko wote.

Neno "kimataifa" getini halithibitishi chochote. Shule ikidai ni ya IB (International Baccalaureate, mpango wa masomo wa kimataifa), tafuta jina lake kwenye tovuti ya IB yenyewe. Ikiwa bado ni "mgombea", haijaidhinishwa. Ya mtaala wa Cambridge, wa Uingereza, ihakiki vivyo hivyo. Ya Kimarekani, uliza ithibati yake imetoka wapi.

Kwenye ada, swali kubwa ni sarafu. Paundi ya Misri iliporomoka Machi 2024, kwa hiyo anayelipwa kwa paundi huku ada ikihesabiwa kwa dola huumia. Omba kwa maandishi gharama za basi, sare, vitabu na mitihani ya IGCSE (ya sekondari, ya mtaala wa Uingereza), maana mara nyingi hazimo kwenye ada.

Mtoto akiwa na uraia wa Misri, hata pamoja na mwingine, ulizia mapema Kiarabu na dini: kwake ni masomo ya lazima.