Kabla Kijiji Hakijawakataa Al-Shabaab: Mambo ya Kuzingatia

Mwaka 2022, mkoani Hiiraan katikati ya Somalia, wafugaji na wakulima waliochoshwa na kutozwa zaka kwa mabavu na kuchukuliwa watoto wao walishika silaha dhidi ya Al-Shabaab, kundi la wapiganaji wenye itikadi kali. Ni wao wanaojulikana kama macawisley. Kisasi hakikukawia. Septemba mwaka huohuo malori ya chakula yaliyotoka Beledweyne kwenda Mahas yalichomwa moto njiani, na watu wapatao 20 wakauawa. Visima navyo viliharibiwa, tena katika ukame mbaya kupita wowote kwa miaka 40.

Kwa hiyo maji yapangwe kabla ya bunduki. Kijiji kijue kisima cha pili kiko wapi, mwendo wa kukifikia kwa miguu, na nani atakilinda usiku. Pampu ya akiba isihifadhiwe pale pale kisimani. Kila nyumba iwe na madumu yaliyojaa muda wote. Chakula kigawanywe katika maghala kadhaa, na siku ya msafara isitangazwe sokoni.

Watoto wafundishwe majina yao matatu, la kwao, la baba na la babu, maana wakitawanyika ndiyo yatakayowarudisha kwa jamaa. Familia ikubaliane mapema nani atambeba bibi asiyeweza kutembea. Saa ya kukimbia si saa ya kulijadili hilo. Vyeti vifungwe ndani ya nailoni.

Hili la mlipuko nalisisitiza kwa uchungu. Bomu la kwanza likilia, moyo unakutuma ukimbilie majeruhi. Tarehe 29 Oktoba 2022, kwenye makutano ya Zoobe mjini Mogadishu, bomu la pili lililipuka wakati waokoaji wameshafika, na waliouawa siku hiyo walizidi 100. Mahas nayo ilipigwa kwa magari mawili ya mabomu Januari 2023. Wateuliwe wachache waliofunzwa kukandamiza jeraha na kulifunga kwa kitambaa safi, waingie wao, wengine wote wabaki mbali. Gari la kupeleka majeruhi hospitalini lijulikane, na mafuta yake yasiguswe kwa kazi nyingine.

Silaha zisilale shuleni wala msikitini. Na wazee wa koo zote wakae pamoja kabla, waafikiane kwamba mtu akishukiwa kuwa mpelelezi atahojiwa mbele yao, asiuawe na vijana wenye hasira kwa sababu tu ya ukoo wake.