Debe la bati au la ndoo? Namna ya kununua kwa debe

Nauza maharage na mahindi hapa Busia, upande wa Uganda, na siku ya soko haipiti bila watu wawili kugombania debe. Mara nyingi hakuna mwizi kati yao. Kila mmoja ana debe lake kichwani.

Mimi yalinikuta nilipoanza biashara. Nilinunua madebe kumi ya maharage kijijini, nikafika sokoni, nikayapima, yakawa tisa. Nilimlaumu mzee wa watu bure. Yeye alipima kwa debe la bati, lile kopo la mafuta ya taa la galoni nne za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo. Hata jina tulilipata kwa Wahindi, ambao kopo huliita dabba. Mimi nilipima kwa ndoo ya plastiki ya lita 20, nayo siku hizi inaitwa debe vilevile. Madebe kumi ya lita 18 ni lita 180. Gawa kwa 20 uone. Nilirudi kumwomba radhi.

Kwa hiyo kabla ya kutaja bei, uliza: "Debe lipi, la bati au la ndoo?" Halafu uliza kama ni la mfuto au la kilele. La mfuto, muuzaji anapitisha kijiti mdomoni mwa debe, kinachozidi kinaanguka. La kilele, anarundika mpaka maharage yaanze kuporomoka kwenye turubai. Tofauti yake ni mboga ya nyumba nzima, usiione ndogo.

Sasa lishike debe lenyewe. Ingiza mkono, papasa kitako. Kikiwa kimebonyezwa kuja juu, au mbavu zimeminywa, unapunjwa. Ukitaka uhakika, jaza maji jerikeni la lita 20, uyamimine ndani ya debe la bati. Likijaa hadi ukingoni, jerikenini yabaki karibu lita mbili. Zikibaki lita nne au tano, tafuta muuzaji mwingine. Na ulikaushe vizuri kabla ya kurudisha nafaka, unyevu huleta ukungu.

Mtazame pia mkono anayepima. Akimwaga bila kutikisa, punje zinakaa kwa kuachana. Mwambie, "Mama, litikise kidogo," utaona maharage yanashuka na nafasi inapatikana.

Jambo linalowachanganya wengi: debe hupima nafasi, halipimi uzito. Debe la makaa unalibeba kwa mkono mmoja, la mahindi linakuinamisha. Gunia la mahindi la kilo 100 sisi tunalihesabu madebe sita ya kilele, kwa hiyo debe moja ni kilo 16 au 17, yakiwa yamekauka. Mahindi mabichi yana uzito wa maji, hesabu hiyo hayaifuati. Ndiyo maana kwa nusu debe au madebe mawili napima kwa debe, lakini kuanzia gunia moja nadai mizani.