Baridi ya Julai ndiyo wakati wa kusia mbegu

Mwezi wa saba Meru na Kilimanjaro zinaweza kushinda siku nzima ndani ya mawingu, na watu wa Tengeru na Machame hawavui masweta mpaka saa nne. Wengi husubiri joto lirudi ndipo wafungue pakiti ya mbegu. Ndugu mkulima, usisubiri. Kwa mtu wa bustani ya mboga sioni kipindi kitamu kama hiki: masika yamepita, magugu yamepunguza kasi, na unapata nafasi ya kukaa na kitalu chako kila siku. Nyanya utakazosia katikati ya Julai zitahamia shambani mwanzoni mwa Septemba na kuanza kuchumwa kuelekea mwisho wa Novemba. Desemba ndugu wakipanda kutoka Dar es Salaam kuja kula Krismasi nyumbani, wewe una nyanya za kuuza.

Kinachoamua ni joto la udongo. Udongo ukiwa na nyuzi 25, nyanya huchomoza kwa siku 6 hivi. Ukishuka hadi 15, huchukua wiki mbili. Pilipili hoho ni mbishi zaidi, kwa nyuzi hizo 15 yaweza kukaa siku 25. Kabichi haina shida hiyo, siku 9 au 10 inatosha, na sukuma wiki na chainizi ni ndugu zake. Kwa hiyo anayesia mara ya kwanza aanze na jamii ya kabichi.

Hasara nyingi hutokea katika siku hizo za kungoja. Mkulima anaona wiki imepita, kitalu kimya, anadhani mbegu zina kiu. Anamwaga maji asubuhi na jioni. Udongo wa baridi uliolowa huozesha mbegu, na zile chache zinazochomoza hukamatwa na kinyausi: shina linanywea pale linapogusana na udongo, mche unalala chini, na kesho yake jirani yake naye analala. Mche ulioanguka hauinuki tena, kwa hiyo kazi yote ni kuzuia. Mwagilia saa tatu au saa nne asubuhi, na pale tu udongo wa juu unapokauka, ili jioni ikute majani makavu. Maji ya mfereji yanayoshuka mlimani ni ya baridi mno; yaache kwanza juani kwenye ndoo. Sia kwa mistari, mbegu zisibanane, na usiweke kitalu mahali palipokuwa na nyanya, bilinganya au viazi mviringo miaka ya karibuni. Samadi iwe imeoza kabisa, changanya na udongo wa juu na mchanga kidogo ili maji yapite.

Walioko Moshi mjini na Mabogini, kwenye mita kama 800 hivi, wana nafuu. Arusha ni kama mita 1,400, na huko Marangu au Kibosho juu baridi haitanii. Pinda fito juu ya tuta, tandaza nailoni angavu, funua jua likitoka na ufunike kabla halijazama. Trei za miche zipandishe juu ya kichanja. Usiku ziingize jikoni, kando ya mafiga yenye majivu ya moto. Mbegu ya nyanya ambayo haijachomoza inataka joto, haina haja ya mwanga.

Kisha inakuja asubuhi ninayoipenda kuliko zote: unainua nyasi za matandazo na kukuta vishingo vyeupe vimepinda, vingine bado vimevaa ganda la mbegu kichwani. Hata mtu aliyelima miaka mingi huita wenzake waje kuona. Ondoa nyasi siku hiyohiyo, jioni, na trei zitoke jikoni ziende kwenye mwanga. Ukichelewa siku mbili tu miche inarefuka na kulegea.

Wiki moja kabla ya kuhamisha, punguza maji na uache kitalu wazi mchana kutwa ili miche izoee jua na upepo. Nyanya ikiwa na majani halisi manne hadi sita imefika. Lowesha kitalu kabla ya kung'oa, mizizi itoke na udongo wake, upande jioni jua likishapoa, kisha umwagilie kila shimo papo hapo.