Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuhesabu Mipangilio ya Tarakimu Yenye Masharti

Kabla hujazidisha chochote, lisome swali hadi nukta ya mwisho, kisha ujiulize kama tarakimu zinaruhusiwa kurudiwa na kama sifuri imo miongoni mwa zilizotolewa. Kwa maoni yangu, katika mitihani ya kupima uwezo hakuna kinachowaponza watahiniwa makini kama sifuri, kwa sababu ikitangulia, namba ya tarakimu nne hugeuka kuwa ya tarakimu tatu.

Tuchukue tarakimu 0, 1, 2, 3, 4 na 5, tuulizwe ni namba shufwa ngapi za tarakimu nne zinazoweza kuundwa bila kurudia tarakimu yoyote. Chora vistari vinne vya maelfu, mamia, makumi na mamoja. Usianzie kushoto kwa mazoea, bali anzia penye sharti kali, yaani kwenye mamoja, panapokubali 0, 2 au 4 tu. Maelfu nayo yanaikataa sifuri. Kwa kuwa masharti yote mawili yanaigusa sifuri hiyohiyo, ni lazima kazi igawanywe katika hali mbili. Sifuri ikikaa mwishoni, nafasi tatu zilizobaki hujazwa kwa njia 5 × 4 × 3, yaani 60. Mwishoni pakiwa na 2 au 4, mamoja yana njia 2, maelfu yana 4 (bila sifuri), mamia 4 (sifuri sasa inaruhusiwa) na makumi 3, ambazo zikizidishwa ni 96. Jumla ni 156.

Aliyeharakisha huandika 3 × 5 × 4 × 3 na kupata 180, akiwa amejumlisha namba 24 zinazoanza na sifuri, na mara nyingi 180 hiyo huwa imewekwa miongoni mwa majibu ya kuchagua. Ukibakiwa na dakika moja, hakiki kwa kuhesabu upande wa pili: namba zote zisizo na marudio ni 300, witiri ni 144, na tofauti yake ni 156 ileile.

Swali likitaka tarakimu mbili zisikae pamoja, huwa ni rahisi zaidi kuhesabu zinapokaa pamoja, kisha kutoa. Kwa 1 hadi 5, ukizifunga 1 na 2 kama kitu kimoja unapata mipangilio 24, unayoizidisha kwa 2 kwa sababu 12 na 21 ni tofauti. Mipangilio yote ya tarakimu hizo tano ni 120, ukitoa 48 zinabaki 72.