Sheria mbili za kuzingatia kabla ya kuposti video zenye watoto

Anayetengeneza video za kujifurahisha hapa Nairobi na kuziweka YouTube anaguswa na sheria mbili zinazolinda faragha ya watoto, na wengi huzichanganya. COPPA, ya Marekani, inauliza nani anatazama. Ya Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inauliza nani anaonekana. Kujibu swali la kwanza hakukuondolei la pili.

COPPA ilipitishwa 1998 ili taarifa za watoto walio chini ya miaka 13 zisikusanywe mtandaoni bila idhini ya wazazi. Iliwafikia wenye chaneli ndogo baada ya Septemba 2019, Google na YouTube walipokubali kulipa dola milioni 170 kwa madai ya kuwafuatilia watazamaji watoto kwa ajili ya matangazo. Tangu Januari 2020, kila mwenye chaneli, awe Kayole au California, hutakiwa kusema kama video zake zinalenga watoto.

Amua jibu hilo kabla hujashika kamera. Tazama mada, wahusika, nyimbo, lugha na umri wa wanaoonekana. Katuni ya sungura na fisi yenye nyimbo za chekechea ni ya watoto, hapo hakuna mjadala. Lakini fundi anayeunda matatu ndogo za maboksi, zenye michoro na taa, akieleza vipimo, gundi na bei za vifaa kwa watu wazima wenzake, hana lazima ya kuziita video za watoto kwa sababu tu kazi yake inafanana na kichezeo. Andika sababu za uamuzi wako, hata mistari mitatu. Ukisema inalenga watoto, maoni hufungwa na matangazo yanayomfuata mtazamaji binafsi huondolewa, kwa hiyo usipange kumaliza kwa kuwauliza watu swali. Usifiche ukweli ili kuokoa mapato; YouTube inaweza kubadilisha alama hiyo yenyewe.

Swali la pili ndilo linalonikosesha raha, maana hapa anayeweza kuumia ni mtoto wa jirani. Nchini Kenya mtoto ni aliye chini ya miaka 18, si 13. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinataka idhini ya mzazi au mlezi, tena kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza faini shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi wao. Ilikuwa taasisi, ndiyo, lakini kosa lenyewe mtu mwenye simu hulifanya kwa dakika moja.

Basi ukitaka kurekodi watoto wakicheza uani, zungumza na mzazi mwenyewe, si keateka (msimamizi) wa ploti wala kaka mkubwa wa mtoto. Mwambie video itawekwa wapi, nani ataiona, na kama unalipwa. Mwombe akujibu kwa ujumbe wa WhatsApp, maana neno la mdomo halina ushahidi. Mtoto akikataa, mwache hata kama mama amekubali. Hilo kwangu halina mjadala.

Kagua pia vitu vilivyo nyuma yake. Sare ya shule, jina la ploti kwenye geti na steji ya matatu, vikiwa pamoja, humweleza mtu asiyemjua mtoto huyo mahali pa kumpata kila jioni. Badilisha pembe ya kamera, au uzibe sehemu hizo unapohariri.

Mzazi ana haki ya kuondoa idhini yake baadaye. Hifadhi faili asili na uandike kila mtoto anaonekana sekunde zipi, ili siku akikupigia simu ujue pa kukata bila kumhoji sababu.