Kufyatua matofali kwa kifusi cha majengo yaliyobomolewa

Kifusi cha zege na matofali ya zamani mara nyingi huishia kufukia mashimo, ilhali kikipondwa vizuri kinatoa tofali imara la ukuta. Wengi wanaoshindwa huilaumu saruji na kuongeza mfuko mwingine. Chanzo huwa maji: kifusi kinakunywa maji kuliko kokoto ya kawaida, na usipokinywesha mapema kitayanyonya yale ya saruji.

1. Chambua
Zege, matofali ya saruji, matofali ya kuchoma na vigae vinafaa. Toa mbao, karatasi, nailoni, udongo na nondo. Jipsamu, yaani yale mabaki meupe ya dari na mapambo yake, usiache hata kipande, maana ikipata unyevu hushambulia saruji, na tofali huvimba na kupasuka ukuta ukiwa umeshasimama. Vioo navyo weka kando. Ukikuta vipande vya paa la asbesto, usivivunje kabisa. Vumbi lake huleta saratani, na kuviondoa ni kazi ya waliofunzwa.

2. Ponda na uchekeche
Nyunyiza maji kabla ya kushika nyundo, kwa kuwa vumbi la zege linaharibu mapafu. Vaa barakoa, miwani na glavu. Tumia wavu wa matundu ya milimita 10; kinachobaki juu kirudi kwenye nyundo. Punguza na ule unga laini mno, kwani ukizidi unadhoofisha tofali.

3. Loweka
Hapa usiwe na haraka. Jioni, mwagia rundo maji huku ukiligeuza kwa koleo, kisha lifunike kwa turubai mpaka asubuhi. Zege kuukuu linaweza kunyonya maji ya asilimia 3 hadi 10 ya uzito wake, na tofali la kuchoma hunyonya zaidi. Asubuhi vunja kipande kimoja kikubwa uangalie katikati. Pakiwa na rangi iliyopauka kuliko kingo, maji hayajafika. Ongeza na usubiri. Unachotaka ni kipande kilicholowa mpaka ndani, lakini juu haking'ai kwa maji.

4. Changanya
Ndoo 1 ya saruji, 3 za mchanga safi, 3 za kifusi. Anza na saruji na mchanga vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja, tia kifusi, halafu maji kidogo kidogo. Teka konzi moja uiminye: ukifungua kiganja, donge libaki zima na mkono uwe na unyevunyevu tu. Likimeguka, maji hayajatosha. Maji yakichuruzika, tofali litabonyea ukinyanyua kalibu. Changanya kiasi utakachomaliza ndani ya saa moja. Mchanganyiko ulioanza kukaza usiurudishie maji, hauponi.

5. Fyatua
Paka kalibu oili, jaza kwa tabaka na shindilia kila tabaka, ukianzia pembeni, kwa sababu pembe ndizo humeguka kwanza. Nyanyua kalibu wima bila kuitikisa.

6. Mwagilia
Panga matofali kivulini na uyafunike kwa nailoni. Baada ya saa 24, mwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7, na ukiweza fikisha 14. Saruji hupata nguvu kwa kuungana na maji, kwa hiyo tofali lililoachwa juani hukauka mapema na kubaki dhaifu. Jenga baada ya siku 28.

7. Jaribu
Kwaruza pembe kwa msumari. Chembe zikimwagika, rundo hilo halifai. Gonganisha mawili: mlio uwe mkavu na wazi, usiwe mzito. Yakifaulu, anza na uzio au ukuta usiobeba mzigo. Kwa ukuta wa kubeba paa la zege au ghorofa, peleka sampuli maabara zikapimwe nguvu ya mgandamizo kabla hujajenga msitari wa kwanza.