Namna ya Kuacha Picha Nzuri Mbele ya Jopo la Usaili wa Serikali

Mtu anayeitwa kwenye usaili wa mahojiano kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ya Tanzania, mara nyingi ameshavuka usaili wa mchujo, hivyo jopo linampokea likiamini kwamba fani yake anaifahamu. Mimi ni afisa utumishi na nimekaa kwenye majopo ya aina hii. Ninalotamani kila msailiwa alijue ni kwamba mbele ya kila msaili kuna karatasi ya alama, na anayeacha picha nzuri ni yule anayempa msaili jambo la kuandika kwenye karatasi hiyo.

Hatua ya kwanza: kamilisha nyaraka. Soma tangazo la kuitwa kwenye usaili neno kwa neno, kwa sababu masharti yote yamo humo. Beba vyeti halisi, kuanzia cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha sita hadi vya stashahada au shahada kulingana na sifa za nafasi uliyoomba, na utambue kwamba hati za matokeo hazipokelewi badala ya vyeti. Kama majina yako yanatofautiana kati ya cheti kimoja na kingine, shughulikia hati ya kisheria ya majina mapema, wala usisubiri kuulizwa mlangoni. Aliyesoma nje ya nchi ahakikishe vyeti vyake vimetambuliwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), NACTVET (baraza la elimu na mafunzo ya ufundi) au NECTA (Baraza la Mitihani). Usisahau kitambulisho. Inasikitisha sana kumwona kijana aliyesafiri usiku kucha kwa nauli ya kuazima akizuiwa kwa kukosa karatasi iliyobaki nyumbani.

Hatua ya pili: geuza majukumu ya kazi kuwa maswali. Watu wengi hulisoma tangazo la kazi siku ya kuomba tu, kisha wakalisahau, ilhali sehemu ya majukumu ndiyo inayoonyesha jopo litauliza nini. Chukua kila jukumu na ujiulize: nimewahi kulifanya wapi, na kama sijawahi, ningelifanyaje? Pitia pia sheria na mifumo inayotumika sasa. Kwa mfano, anayeomba nafasi ya afisa ugavi anapaswa kuijua Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, na ajue kwamba NeST, mfumo wa ununuzi wa umma kwa njia ya mtandao, ndio uliochukua nafasi ya mfumo wa zamani wa TANePS. Akiieleza TANePS kana kwamba bado inatumika, jopo litaona kwamba hakuifuatilia fani yake tangu alipotoka chuoni.

Hatua ya tatu: andaa matukio ya kweli. Hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi. Msailiwa akisema, "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu na ninaweza kufanya kazi chini ya shinikizo," msaili hana cha kuandika, kwa kuwa maneno hayo yamesemwa na karibu kila aliyetangulia. Lakini akisema, "Nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo katika stoo ya halmashauri, nilikuta idadi ya katoni kwenye leja haifanani na iliyopo rafuni, nilihesabu upya pamoja na mtunza stoo, tukakuta hati moja ya kutolea vifaa haijaingizwa, nikaandika taarifa kwa msimamizi wangu," hapo uaminifu, umakini na utaratibu vyote vimeonekana bila yeye kuvitaja. Chagua matukio machache ya namna hiyo, yawe yako kweli, na ujizoeze kuyasimulia kwa sauti mbele ya ndugu au rafiki hadi kila moja limalizike ndani ya dakika mbili.

Hatua ya nne: ingia kwa utulivu. Vaa mavazi nadhifu ya kiofisi na ufike mapema. Salimu jopo zima kwa pamoja. "Habari za asubuhi" inatosha, na "Shikamooni" si kosa ikiwa waliokaa mbele yako ni watu wazima. Subiri kukaribishwa kabla ya kuketi.

Hatua ya tano: jibu lililoulizwa. Ukiambiwa "Jieleze kwa kifupi," anza na elimu na uzoefu unaohusiana na nafasi hiyo, wala si jina la shule ya msingi na idadi ya ndugu zako. Jibu kwa lugha uliyoulizwa, isipokuwa umeruhusiwa kuchagua. Mtazame aliyeuliza, kisha gawa macho kwa wengine, maana wote wanatoa alama. Swali lenye sehemu mbili lijibu sehemu zote mbili; ukisahau moja, omba lirudiwe. Usilolijua likiri kwa sentensi moja, ueleze ungelitafuta wapi, kisha unyamaze, kwani kubahatisha kwa dakika tatu hula muda wa maswali unayoyaweza.

Hatua ya sita: maliza vizuri. Ukipewa nafasi ya kuuliza, uliza kuhusu kazi yenyewe, kwa mfano kitengo utakachopangiwa au mafunzo elekezi. Mshahara usiuulize, kwa kuwa ngazi yake kwa kawaida imetajwa kwenye tangazo. Shukuru, kusanya vyeti vyako vyote mezani, utoke, kisha fuatilia matokeo kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa Sekretarieti ya Ajira.